Kwa nini Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi Waswahili?

#1 Mgeni wa Bole
Salaam wanajukwaa. Huu ni mwaka wangu wa pili Addis Ababa, nimekuja kwa kazi ya mkataba, na kuna jambo ambalo naomba wajuzi wanifumbulie.

Wiki ya tatu tangu nifike nilikuwa na miadi na afisa mmoja aliyekuwa akishughulikia karatasi zangu za ukaazi. Tulizungumza kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiamhari changu wakati huo kilikuwa kimeishia kwenye "selam" na "ishi", yaani salamu na "sawa". Akanitajia tatu. Mimi, kama Mtanzania yeyote aliyepita shule, nimezoezwa tangu utotoni kwamba saa ikitajwa kwa Kiingereza ni lazima niigeuze kichwani kwanza, na tatu ya Kiingereza ni saa tisa yetu. Basi siku ya pili nikafika alasiri, nimechomekea, bahasha kwapani, nikakuta mlango umefungwa. Mlinzi akanieleza, nusu kwa maneno na nusu kwa vidole, kwamba yule bwana alinisubiri asubuhi mpaka akakata tamaa. Alikuwa na maana ya saa tatu asubuhi, ile ile ya Kariakoo. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza lakini saa ilikuwa ya kwao, nami ndiye niliyeiharibu kwa kuigeuza. Laiti ningemsikiliza Kiswahili-Swahili ningemkuta mezani.

Hapa jua likichomoza hesabu ndiyo inaanza. Saa mbili asubuhi wanaiita "ketewatu hulet se'at". Tazameni hata neno lenyewe: sisi tunasema saa, wao se'at, sisi saba, wao sebat, sisi robo, wao rub. Swali langu ni moja: nani alimfundisha nani?

#2 Mzee wa Magomeni
Hakuna aliyemfundisha mwenzake, bwana mdogo. Mwalimu ni jua. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tunaliona likichomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo mtu yeyote mwenye akili timamu ataanza kuhesabu pale mchana unapoanza. Mzungu hawezi, maana kwake wakati wa kiangazi jua linaamka wakati watu bado wako kwenye usingizi mzito, na wakati wa baridi wanafika kazini taa zikiwa bado zinawaka. Angeanzia wapi? Akaona aanzie usiku wa manane, ambapo hakuna anayeona kitu. Isitoshe, tazama ramani: Addis Ababa na Dar es Salaam ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo adhuhuri yenu ndiyo adhuhuri yetu.

#3 Nalongo wa Kampala
Mzee wangu, shikamoo, lakini maelezo hayo yana tundu. Sisi Uganda tuko kwenye ikweta yenyewe, si karibu nayo, na kwa Luganda saa mbili asubuhi ni "ssaawa bbiri ez'oku makya", sawasawa na kwenu. Ila Kampala iko mbali upande wa magharibi na tunatumia majira yale yale ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mara nyingi inapotimia saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza na mbwa ndio walio barabarani. Kama jua ndilo lingekuwa mwalimu, tungeanza kuchelewa kidogo kuliko ninyi. Halafu ikweta inapita Gabon pia, na Mgabon anahesabu kama Mfaransa. Kwetu jibu si gumu, kwa sababu neno "ssaawa" na hesabu yake tulivipokea pamoja kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Kwa Wahabeshi ndiko kwenye kitendawili.

#4 Shemasi
Kitendawili hicho kimejibiwa ndani ya Biblia. Ufalme wa Aksum, Uhabeshi ya kale, ulipokea Ukristo katika karne ya 4, enzi za mfalme Ezana, na kanisa la huko limekuwa likipanga sala kwa saa za Maandiko tangu hapo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 2, Petro anawatetea wenzake wasidhaniwe wamelewa kwa kuwa ni saa tatu tu, na maana yake ni asubuhi. Katika Mathayo sura ya 20, vibarua wa mwisho wa shamba la mizabibu wanaajiriwa saa kumi na moja, jioni, wakati wenzao wameungua na jua siku nzima. Msomaji wa Kiswahili na wa Kiamhari anaelewa mara moja. Msomaji wa Kiingereza anahitaji maelezo chini ya ukurasa, na baadhi ya tafsiri zao mpya zimeamua kuzigeuza saa zenyewe. Kwa hiyo Wahabeshi hawakubuni chochote. Walihifadhi hesabu ya kale ambayo wengine waliiacha.

#5 Bint Makunduchi
Shemasi, kwa Wahabeshi nakuachia, lakini kwa pwani hapana. Sisi tulikuwa tukihesabu saa kabla Biblia haijatafsiriwa kwa Kiswahili. Saa zetu zimekuja na adhana. Waarabu walikuwa na saa zinazoanza magharibi: jua likizama, mshale unakuwa kwenye kumi na mbili, na hesabu inaanza upya. Dola ya Uturuki ilitumia hesabu ya namna hiyo, na Jamhuri ya Uturuki ikaiacha rasmi mwaka 1926.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Kila muadhini alipopanda kwa magharibi, babu aliitoa, akaisogeza mshale kwa ukucha wa kidole gumba mpaka kumi na mbili kamili, akaipuliza kioo, akairudisha mfukoni, ndipo akaenda kutia udhu. Dakika mbili mbele leo, dakika moja nyuma mwezi ujao, kufuata jua. Hakuwahi kusema hiyo ni saa ya Kiarabu wala ya Kiswahili. Alisema ni saa iliyo sawa, na kwamba ile ya Posta imekosea.

#6 Fundi Saa
Hapa sasa mmefika mahali pazuri, na wote wawili mmekosa kuliona. Shemasi anasema hesabu inaanza jua linapochomoza. Bint Makunduchi anasema inaanza jua linapozama. Hizo ni nadharia mbili zinazopingana kabisa, lakini ukiziweka juu ya uso wa saa zinatoa jibu moja, kwa sababu kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili na usiku ni kama saa kumi na mbili. Aliyeanza kuhesabu alfajiri na aliyeanza magharibi watakutana wote wanasema saa tatu. Kwa hiyo kufanana kwa saa za Addis na za Unguja hakuthibitishi kwamba zina asili moja.

Kinachoweza kuwatenganisha ni mpaka wa siku. Mswahili wa asili akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani siku inaanza magharibi. Mgeni wa Bole, hebu tuambie: huko tarehe inabadilika wakati gani? Na jambo la pili ambalo kwangu mimi wa kazi ya saa ni zito zaidi: saa zao za mkononi zinaonyesha nini? Maana sisi tuna kichekesho chetu. Mshale unaonyesha nane, mdomo unasema mbili, na hakuna anayeshangaa. Tunasoma namba ya upande wa pili tangu darasa la pili.

#7 Mgeni wa Bole
Fundi Saa, ahsante, umeuliza ninayoyaona kila siku. Sebuleni kwa mama mwenye nyumba wangu kuna saa ya ukutani yenye fremu ya dhahabu ya plastiki, juu ya picha ya Bikira Maria. Ninapokunywa chai kabla ya kutoka, simu yangu inasema 8:00 na ile saa mshale wake mfupi umelala kwenye mbili, kama tunavyotamka. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikiitazama na kuigeuza kwa mazoea ya nyumbani, nasoma nane, moyo unashtuka kwamba nimelala mpaka mchana. Sisi tumetenganisha mdomo na mshale. Huku nimekuta wengi wamevipatanisha, ingawa wenye simu za kisasa wanaishi na zote mbili.

Kuhusu mpaka wa siku, majirani zangu huhesabu siku mpya kuanzia alfajiri. Ukiwa macho saa nane usiku, kwao bado ni siku ile ile iliyopita.

#8 Kijana wa Ngara
Niliishi Addis miaka miwili, na ushauri wangu kwa mgeni yeyote ni huu: usikubali miadi bila kuuliza "ya Habesha au ya ferenji?" Ferenji ni mgeni mweupe, na saa ya ferenji ndiyo ya tiketi za ndege na ya mashirika ya kimataifa. Wenyeji wenyewe huulizana hivyo, kwa hiyo hutaonekana mjinga.

Mgeni, nikuchokoze kidogo. Sisi wa Nairobi tunachekwa na Watanzania kwamba Kiswahili chetu kimechakaa, lakini kwenye hili tulinusurika, kwa sababu tulifika huko tukiwa tumeshazoea kumwuliza mtu mara mbili. Ninyi mliojiamini ndio mliokuta mlango umefungwa.

Na zile hoja za maneno mzitupilie mbali. Se'at na saa, sebat na saba, rub na robo, vinafanana kwa sababu Kiamhari ni lugha ya Kisemiti kama Kiarabu, na Kiswahili kilikopa maneno hayo kwa Waarabu. Ni binamu wawili waliokutana kwenye harusi ya mtu mwingine. Hesabu yetu ya sita, saba na tisa ni ya Kiarabu. Moja, mbili na tatu ni zetu za Kibantu na hazifanani na zao hata kidogo.

#9 Mama Zuhura
Mimi nilimfuata mume wangu huko, na saa hazikunisumbua hata siku moja. Kilichonitoa jasho ni mwaka. Tulipopanga nyumba, mkataba ulikuja umeandikwa kwa Kiamhari, nikaona tarakimu za mwaka tu ninazozitambua, na mwaka wenyewe ulikuwa umepita zamani. Nikamwambia mume wangu usitie sahihi, hawa watu wanatupa mkataba wa mpangaji aliyehama. Dalali alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kumbe kwao ndio mwaka uliopo, maana wako nyuma yetu miaka minane. Nilirudi Tanga nikiwaambia mashoga zangu kwamba huko nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja tena.

#10 Shemasi
Mama Zuhura, marekebisho madogo. Si minane daima. Mwaka wao unaanza tarehe 11 Septemba, au tarehe 12 unapotangulia mwaka wetu mrefu wa Februari yenye siku 29. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Desemba tofauti ni miaka saba; Januari ikiingia kwetu ndipo inakuwa minane. Ndiyo maana walisherehekea kuingia mwaka 2000 mnamo Septemba 2007, wakati sisi tulikuwa tumeshasahau hofu ya kompyuta kuharibika. Na miezi yao ni 13: kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, halafu Pagume, ambao una siku tano, au sita kila baada ya miaka minne.

#11 Mama Zuhura
Basi nilikuwa na miaka thelathini na mbili kwa miezi mitatu na ushee. Nimekubali.

#12 Mzee wa Magomeni
Mwezi wa siku tano! Na mshahara wake je?

#13 Kijana wa Ngara
Mzee, wapo waajiriwa wengi wanaouliza swali hilo hilo. Mshahara unakuja mara 12.

#14 Bint Makunduchi
Kabla hamjawacheka kwa Pagume, tujitazame wenyewe. Kwetu Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, unaosherehekewa Julai, na asili yake ni Nairuzi, mwaka wa jua uliofika pwani kutoka Uajemi. Wazee walikuwa wakihesabu siku zake kwa makumi kwa ajili ya kilimo na bahari, huku ibada zikifuata mwezi mwandamo. Ndani ya mwezi mwandamo wenyewe tulibuni majina yetu: baada ya Ramadhani tunahesabu mfungo mosi, mfungo pili, mpaka mfungo tisa, kwa kupima tulivyoachana na saumu. Na wiki yetu ina tano mbili! Jumatano ni ya tano ukianzia Jumamosi, halafu inayofuata tunaiita Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu pia ni ya tano.

#15 Mgeni wa Bole
Bint Makunduchi, umenichekesha peke yangu ndani ya basi. Alhamisi huku ni "Hamus", neno lile lile. Jumatano ni "Rob", ya nne, kwa hiyo wao hawakurudia tano. Ila Jumatatu ni "Segno" na Jumanne ni "Maksegno", yaani ile inayoifuata Segno, kana kwamba aliyekuwa akitoa majina alichoka mapema.

Na hiyo Rob ina uzito wake. Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai, na Kwaresima yao ni siku 55. Nilijifunza ratiba hiyo kwa tumbo, kwa sababu kila Jumatano kibanda ninachokula mchana kinaniletea injera yenye shiro na dengu bila kuniuliza. Leo hii nikiamka sijui ni siku gani, natazama sahani.

#16 Mzee wa Magomeni
Tumetoka kwenye saa tukaingia jikoni. Nawarudisha. Nimepata mhusika: Krapf. Yule mmisionari Mjerumani alifanya kazi Ethiopia kwanza, akaondoka huko, ndipo akafika Mombasa mwaka 1844 na kuandika kamusi ya Kiswahili. Alizijua nchi zote mbili na lugha zote mbili. Si huyo aliyebeba saa za Wahabeshi akazishusha Mombasa?

#17 Fundi Saa
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo umeikamata treni kwa mkia. Krapf alifika Mombasa akakuta misikiti, wafanyabiashara na watu waliokuwa wakipanga safari za majahazi kwa wakati. Yeye alikuja kuandika Kiswahili walichokuwa wakikisema. Mtu mmoja mwenye daftari hawezi kuwabadilishia watu wa Lamu mpaka Kilwa namna ya kutaja asubuhi.

Mimi ninavyoona, jibu la Mgeni wa Bole kuhusu alfajiri limeipa nguvu hoja ya kwamba hizi ni njia mbili zilizokutana. Wao siku yao inaanza na mwanga, ya pwani inaanza na giza. Ila sijui kwa nini Waarabu wenyewe waliiacha hesabu hiyo na sisi tuliojifunza kwao tukabaki nayo.

#18 Nalongo wa Kampala
Fundi, labda walioiacha waliacha kwa sababu ya usumbufu. Babu yake Bint alikuwa akirekebisha mshale kila jioni. Mtu wa Uturuki, ambaye magharibi yake inahama kwa saa nzima na zaidi kati ya kiangazi na baridi, angerekebisha mpaka achoke, na reli haiwezi kumsubiri. Kwetu mshale unahama dakika chache tu, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuacha. Naona ikweta ya Mzee wa Magomeni inarudi kwa mlango wa nyuma: haikuanzisha hesabu, lakini iliilinda.

#19 Mzee wa Magomeni
Nilisema.

#20 Shemasi
Hukusema hivyo, Mzee. Ulisema jua ndilo mwalimu. Na kama ni ulinzi wa ikweta, Wayahudi na Warumi wa kale walihesabu saa kuanzia asubuhi wakiwa mbali kabisa na ikweta. Saa zao zilirefuka wakati wa kiangazi na kufupika wakati wa baridi, na waliishi nazo karne nyingi. Mimi bado niko na Aksum.

#21 Kijana wa Ngara
Nami niwape ushahidi usiosaidia upande wowote. Huko kahawa ya nyumbani hunywewa kwa mizunguko mitatu: abol, tona na bereka. Majani mabichi yametandazwa sakafuni, ubani unafuka, bisi ziko kwenye sinia, na buni zinakaangwa mbele yako, unaletewa kikaango ukiwa umeketi ili uvute harufu kabla hazijatwangwa. Siku ya kwanza nilikunywa kikombe cha abol nikasimama kuaga, nikieleza kwamba nina miadi. Mwenye nyumba alinishika mkono akanikalisha. Nikamwuliza hii inamalizika saa ngapi. Akaniambia: bereka ikiisha.

#22 Mpya Jijini
Habari wakuu. Nimesoma uzi wote kwa sababu nina shida ya leo. Niko Addis kwa semina, narudi Dar. Tiketi imeandikwa Jumapili 04:30. Nimemtumia dereva ujumbe anifuate hotelini, akanijibu "sebat se'at tekul". Sijui kama anakuja usiku huu wa leo Jumamosi, au kesho mchana nikiwa nimeshaachwa.

#23 Mgeni wa Bole
Ndugu, tiketi ni ya saa ya ferenji, kwa hiyo ndege yako inaruka saa kumi na nusu alfajiri, usiku huu wa kuamkia Jumapili. Dereva amekwambia saa saba na nusu, "tekul" ni nusu, na hiyo ni saa tatu kamili kabla ya ndege. Hesabu yake ni nzuri. Alichosahau ni kutaja kipindi. Mwandikie "kelelitu", maana yake usiku wa manane, asije akadhani ni saa saba na nusu ya mchana. Usitumie neno Jumapili kabisa, kwa sababu kwake wakati huo bado ni Jumamosi.

#24 Mpya Jijini
Nimemwandikia. Amejibu "ishi", na sasa hivi yuko chini getini, saa mbili kamili usiku, anasema amekuja kuhakikisha hoteli ni hii.